Harambee ya Mama Kapu

Siku mliyoniaga pale Makutano, mkanivika shuka na kunikabidhi jogoo aliyekuwa na hasira kuliko mimi, mmoja wenu aliniuliza kama anayemuuliza nyanya yake, "Shosho, kwa hizo movie zote umewahi kuona, gani ndiyo kali?" Mkacheka kwa sababu nilikaa kimya, na kukaa kimya si tabia yangu. Miaka yangu yote ya kazi nimekula kwa kusema ndani ya filamu za watu wengine. Jogoo tulishamla, na mifupa yake ilikuwa na msimamo kama yeye mwenyewe. Jibu lenu ndilo naliandika sasa, na ni refu, kwa hivyo anayetaka kutafuna karanga atafune.

Sitawaambia nililipwa nini wala nilipanda vyeo gani. Katika kazi yetu cheo kilikuwa kimoja tu, kushika maiki, na usiposhika maiki ulishika ufagio. Mimi nilianza na ufagio.

Nilianzia Runyenjes, katika jumba la video lililokuwa nyuma ya duka la mbegu. Jumba ni neno la heshima. Kilikuwa chumba cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ya kahawa ili mchana uwe giza, na mabenchi ya mabanzi yaliyochana suruali za watu wazima. Televisheni ilikaa juu ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Mwenye jumba tulimwita Tajiri, jina alilolipenda kupita kiasi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo nyumbani hatukuyajadili, na Tajiri akaniajiri kukaa mlangoni, kufagia vijiti vya muguka, majani ambayo wateja walitafuna, na kunyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie.

Kando ya televisheni alisimama Ireri, msemaji wa jumba. Nyinyi siku hizi mnajiita ma-DJ. Sisi tuliitwa wasemaji tu. Filamu zilikuja kwa Kihindi, kwa Kichina na kwa Kiingereza cha kupitia puani, na mtu aliyetoka kupeleka kahawa kiwandani hakuwa na haja ya kukaa kusikiliza Kichina. Ireri aliwasemea wote kwa Kiembu na Kiswahili: bwana, bibi, askari, mtoto, hata mbwa. Hakujua lugha hata moja kati ya hizo zilizokuwa ndani ya kaseti. Alisoma picha, akawapa watu maneno, na watu waliapa kwamba huyu mtu amesoma ng'ambo.

Siku yangu ya kwanza aliniambia nisimame nitangaze kwamba filamu inaanza. Nikatangaza. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji.

"Ongeza sauti," akasema. "Walio nyuma hawasikii."

"Nyuma hakuna mtu," nikamjibu, kwa sababu benchi la mwisho lilikuwa tupu.

"Wako. Kila siku kuna mtu nyuma. Wewe ongea."

Nikatangaza tena, na kweli mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama nje na mzigo wake wa ndizi akaingia. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa, na sijapata jingine linalolizidi.

Kabla sijaendelea, neno moja juu ya vifaa, maana nyinyi mna flash ndogo kama ukucha na bado mnaipoteza. Sisi tulikuwa na deki, na deki ilikuwa na tabia zake. Kichwa chake kilisafishwa kwa spiriti na kipande cha fulana kuukuu. Aliyetumia karatasi aliacha unyuzi ndani, na siku iliyofuata deki ikala kaseti mbele ya umati. Jenereta iliwekwa upande ambao upepo unaelekea, la sivyo watu walitazama mapenzi huku wakikohoa. Maiki ilifungwa kwa mpira wa baiskeli. Siku za soko Tajiri alipakia hivyo vyote kwenye pikapu yake, tukashuka hadi Kiritiri kwa Wambeere au tukapanda hadi Kianjokoma kwa watu wa majani chai, tukakodi ghala tupu na kuziba madirisha.

Ilikuwa Kiritiri nilipopewa maiki mara ya kwanza. Vumbi na muguka vilikuwa vimeimaliza sauti ya Ireri, na filamu ilikuwa ya karate. Nikaanza kwa ujasiri. Akaingia mwanamume mwenye kovu shavuni, nikawaambia watu, "Huyu ndiye mtu mbaya." Nusu saa baadaye mwenye kovu akawa ndiye anayewaokoa watoto motoni. Nikakwama. Watu wakaanza kunung'unika kwamba msichana hajui kazi. Ireri akaninong'oneza sikioni, "Sema ameokoka."

Nikasema ameokoka. Ghala lote likapiga makofi, na mama mmoja akasema amina. Tajiri alifurahi sana. Mimi moyoni sikupenda, kwa sababu yule mwanamume hakuwa ameokoka. Alikuwa mwema tangu mwanzo, na mimi ndiye niliyemsingizia. Tukirudi nikamwambia Ireri kwamba siku nyingine nitanyamaza kwanza nione mtu anafanya nini, kisha ndipo niseme yeye ni nani. Akacheka njia nzima. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanza, na haujaisha.

Ireri aliamini kwamba filamu ni ya mtazamaji. Mtu ameamka alfajiri, amekamua, amechuma, amebeba, ameingia hapa. Basi mpe kinachomfaa arudi nyumbani ameshiba. Mimi niliamini, na bado naamini, kwamba filamu ina mwenyewe. Kuna mtu mahali fulani aliyekaa akaamua huyu afe na yule abaki, na msemaji hana ruhusa ya kufufua. "Njia ya mwongo ni fupi," nilimwambia. Akanijibu, "Fupi lakini watu wamejaa." Na kweli alipokuwa yeye, jumba lilijaa.

Kwa kuwa mmeniuliza maoni, nitawapa bila kubembeleza mtu. Filamu za karate nilizisema kwa miaka na sikumbuki kumwona mtu akilima. Vijiji vizima vya wanaume wenye nguvu, na shamba limejaa magugu. Za Kihindi nilizipenda kwa nyimbo na kwa machozi ya kina mama, lakini mvua yao siielewi. Inanyesha kutwa na wapenzi hawakanyagi tope. Mvua kama hiyo hapa Runyenjes mngeimba mkiwa mmekwama mtaroni. Za Wamarekani zinajua kutengeneza mlipuko, ila watu wake hawana adabu. Mtu anaingia nyumbani kwa mwenzake na kuanza kusema shida yake bila hata salamu, wala hakuna anayemuuliza kama amekula. Kwa sababu hiyo nilijiwekea kipimo changu ambacho natumia hadi leo: filamu isiyoonyesha mtu akila, siiamini. Mtu anayekula ana nyumba, ana mtu aliyempikia, ana deni la shukrani. Asiyekula ni kivuli tu kinachokimbia na bunduki.

Sasa niwaambie juu ya Mama Kapu.

Ilikuja katika gunia la kaseti ambalo Tajiri alinunua Nairobi bila kuchagua. Jalada lake halikuwa na picha, na maandishi yake yalikuwa kama kuku wamekanyaga tope wakapita. Mpaka leo sijui ni ya nchi gani. Ndani yake hakuna ngumi, hakuna wimbo. Kuna mama mmoja anayeuza mboga kando ya barabara, na kapu lake mgongoni. Ana mwana mmoja. Mwana anapanda basi kwenda kazi ya mbali, na kila jioni yule mama akimaliza kuuza anapita stendi na fungu la mboga alilomwekea, mabasi yanafika, watu wanashuka, mwana hayumo. Anarudi nyumbani, anazipika, anazila peke yake. Mnaona kwamba anakula. Baridi inaanza, mama anakohoa, hana nguo nzito.

Kisha picha inakatika, na tunaona ua wa nyumba yake. Watu wamejaa, wamevaa nyeupe. Mbele kuna meza, na juu ya meza picha kubwa ya yule mama yenye maua. Kando ya lango kuna sanduku, kila anayeingia anatia bahasha ndani, na mzee mmoja anaandika majina. Watu wanapewa chakula. Mwisho kabisa anaingia yule mwana, mbio, na koti jipya la kike mkononi, zito, jekundu. Anapiga magoti mbele ya picha na kuliweka koti pale. Filamu inaisha.

Niambieni nyinyi, watu wa huku, mkiona picha ya mtu juu ya meza, bahasha, sanduku na mwandishi wa majina, mtasema ni nini? Ireri hakusita. Akashika maiki akasema, "Majirani wameona mama ni mgonjwa, wamefanya harambee. Zile ni bahasha za matibabu. Wale waliovaa nyeupe ni akina mama wa kanisa. Na sasa mgeni wa heshima amefika, ni kijana wake, amemletea mama koti la kuvaa akienda hospitali." Watu wakapumua. Wengine wakauliza zilipatikana ngapi, naye akawatajia.

Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio, na nilikuwa nimeona kitu kimoja. Katika ule ua, nyuma ya watu, kapu lilikuwa limetundikwa ukutani, mdomo chini. Mama mgonjwa hatundiki kapu mdomo chini. Analiacha pale alipolitua, kwa sababu kesho atapona. Nilipomwambia Ireri, aliifuta deki kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nimeliona," akasema.

"Sasa kwa nini unasema harambee?"

"Kwa sababu wewe hujawahi kusimama hapa mbele na kuangalia nyuso zao. Mtu amelipa kuingia, halafu unampa maiti abebe mpaka nyumbani?"

"Ni maiti ya filamu."

"Hakuna kitu kama hicho, kairitu," akasema. Kairitu ni msichana kwa Kiembu. Hata leo na mvi zangu ananiita hivyo.

Harambee ya Mama Kapu ikawa maarufu. Watu waliiomba Runyenjes, wakaiomba Kiritiri, na huko Kianjokoma ndiko iliitwa zaidi. Kulikuwa na mama mmoja muuza viazi, Mama Nyaga, ambaye hakuikosa. Mwanawe alikuwa ameteremka Mombasa kutafuta kazi, akanyamaza. Mama Nyaga aliketi benchi la mwisho, na kwenye harambee aliinua mkono kama anayetoa mchango wake.

Mnajua ninachotaka kusema. Ilifika siku ya soko Ireri akaenda kwenye mahari ya ndugu yake, na Tajiri akanipa maiki niende Kianjokoma. Ireri alinipitia asubuhi akiwa amevaa tai. "Ukiisema hivyo unavyotaka, utapoteza hiyo maiki," akaniambia. Nikamwambia basi na ipotee. Sikusema kwa kiburi. Nilikuwa nimeamua, na nikishaamua huwa siulizi njia.

Nikaisema ilivyo. Nilisema mama anangoja, nikasema mwana hayumo, nikasema anakula peke yake. Ulipofika ua wa watu waliovaa nyeupe nikavuta pumzi nikasema, "Mama amefariki. Haya ni mazishi yake. Huko kwao wageni huja na bahasha. Tazameni kapu lake ukutani." Ghala likanyamaza hadi nikasikia jenereta ikimeza mafuta. Nikasema, "Na huyu ni mwanawe. Amefika."

Taa zilipowaka hakuna aliyepiga makofi. Mama Nyaga alikuwa amesimama kule nyuma.

"Wewe msichana," akasema, sauti imetulia kabisa, "kwa Ireri huyu mama hupona. Wewe umemuua."

Akatoka, na wengi wakatoka nyuma yake. Baadhi walidai warudishiwe kiingilio. Tajiri alisikia kabla pikapu haijafika Runyenjes, na kesho yake nikarudishiwa ufagio. Aliniambia niombe msamaha kwa watu wa Kianjokoma soko lijalo. Nilikataa. Wahenga walisema msema kweli hana wajoli. Hawakusema kwamba pia hana kazi, lakini hilo nililijua jioni hiyo. Nililia nikifagia, ili pasiwe na mtu wa kuniona nimesimama nikilia.

Siku ya soko la Runyenjes, jua la mchana limewaka, nikamwona Mama Nyaga mlangoni. Ameteremka kutoka Kianjokoma bila kiazi hata kimoja cha kuuza. Nikajua amekuja kunimalizia. Akampita Tajiri, akamwambia Ireri, "Nataka ile ya Mama Kapu. Lakini aseme huyu."

Tajiri alianza kueleza kwamba huyu haruhusiwi. Ireri akanipa maiki bila kumsikiliza, akatoka nje, akaketi na jenereta. Nikaisema tena, ilivyo, kutoka stendi hadi kapu. Ilipoisha, Mama Nyaga alibaki kwenye benchi akikunja leso yake.

"Mama, kwa nini umerudi?" nikamuuliza.

"Kwa Ireri, huyo kijana alikuja kuchanga kama watu wengine," akasema. "Kwako alikuja kwa mamake. Nilitaka kusikia tena vile alifika."

Alinunua maandazi ya kubebea wajukuu, akaenda zake. Sijui kama Nyaga wake alirudi kutoka Mombasa. Nimeuliza mara kadhaa na kila mtu ananipa jibu lake. Lakini tangu siku ile sijawahi kuwa na shaka juu ya kazi yangu, na nilipata nafasi nyingi za kuwa nayo.

Tajiri hakubadilika. "Amerudi mmoja," alisema. "Na wale wengine?" Akaniambia nichague: harambee au ufagio. Nikachagua gari la kwenda Meru.

Makutano mnaijua, sina la kuwafundisha. Mimi nilifika nikiwa na mkoba mmoja na Kimeru cha kuchekesha. Nilikaa wiki nzima kando ya wapakiaji wa malori nikisikiliza jinsi wanavyotukanana, kwa maana lugha ya watu huijui mpaka ujue wanavyokasirika. Jumba la hapo stendi lilikuwa na msemaji aliyeacha kazi kwenda kuuza miraa, nami nikamwambia mwenyewe sharti langu kabla hajaniambia lake: nasema filamu ilivyo. Akasema hajali, mradi nisikike kuliko makanga. Watu walizoea polepole. Wengine waliniita Mama Matanga, na walioniita hivyo ndio walikuja kila Jumamosi.

Zikaja sidii, deki tukazifanya viti vya watoto. Zikaja za Wanaijeria, sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na maoni yangu juu yao nitayasema hata mbele ya balozi: hakuna watu duniani wanaomjua mama mkwe kama wao. Wanapiga kelele sebuleni kupita kiasi, naam, lakini wanakula, na wanasalimiana hadi unachoka. Za Waturuki zina wanaume wazuri wanaotazama dirishani. Nikazisema kwa uvumilivu. Kisha zikaja zetu wenyewe, zilizopigwa na vijana wa Nairobi. Hizo nazikasirikia kama mzazi. Kijiji huonyeshwa siku ya kuzika tu. Hakuna anayekuja huku kupalilia, kugombania maji ya mfereji, kuoa. Nilipoona filamu moja ambayo binti anarudi nyumbani na mama yake anamuuliza kwanza kama barabarani kulinyesha, nililia, kwa sababu ndivyo mama wa huku anavyosema kwamba alikuwa na hamu nawe. Hiyo ni filamu. Waliotazama nami walisema haina kitu.

Halafu duka la filamu, kompyuta, flash, na nyinyi. Mna sauti nzuri, mnachekesha, na mnasema upesi kuliko mvua ya mabati. Shida yenu mnaogopa kimya. Mtu akifa kwenye filamu mnatia mzaha mara moja ili mteja asihisi kitu. Ireri aliwadanganya watu kwa kuwahurumia. Nyinyi mnawadanganya kwa haraka. Nawapenda, ndiyo maana nasema.

Nilirudi Runyenjes mwaka huu, na kitu cha kwanza nilichofanya baada ya kupanga vyombo ni kwenda kumwona Ireri. Nilijua macho yamemwacha, presha ya macho iliyachukua polepole. Sikujua hayo mengine. Daktari alikuwa amewaambia jamaa zake wamrudishe tu nyumbani, hakuna dawa tena. Nilimkuta ameketi sebuleni, mwembamba kama maiki yetu, na aliponisikia mlangoni akasema, "Kairitu, umerudi na kelele zako."

Tangu siku hiyo nikawa nakwenda kila alasiri na kompyuta yangu, namwekea filamu, namsemea. Msemaji aliyenifundisha, sasa mtazamaji wangu, na mtazamaji mgumu kuliko Makutano nzima. Ananikatiza. "Umesema anatabasamu. Anatabasamu kwa midomo ama kwa macho?" Tuligombana juu ya kila kitu. Nilikuwa sijafurahi hivyo kwa miaka.

Wiki iliyopita akaniomba Mama Kapu. Ninayo. Niliihamisha kutoka kaseti kwenda sidii, kutoka sidii kwenda flash, kila mara nikiogopa itakatika. Mama Njeru, mkewe, alinifuata hadi mlango wa jikoni nilipokwenda kutafuta waya.

"Marigu, nakuomba," akasema kwa sauti ya chini. "Hiyo ya leo, isemee kama vile yeye alikuwa anasema. Sema ni harambee. Anajua hali yake. Hiyo ingine hataiweza."

Nimekataa mambo mengi maishani kwa mdomo mpana, lakini yule mama alikuwa ameshika mwiko wa ugali mkononi na machozi yakimdondoka. Nilirudi sebuleni nikiwa sijui nitafanya nini. Hilo halijawahi kunipata.

Nikaanza. Stendi, kapu, mboga, mwana hayumo. Ireri alikuwa ameegemeza kichwa, midomo yake ikisogea pamoja na yangu. Maneno mengine yalikuwa yake tangu zamani. Mama akakohoa. Picha ikakatika, ua ukatokea, watu wamevaa nyeupe. Nikanyamaza.

"Tumefika kwenye ua," Ireri akasema.

"Tumefika."

"Meza iko? Na picha?"

"Iko."

"Sasa niambie, kairitu. Ni harambee ama ni mazishi?"

Niliangalia lile kapu ukutani. Baada ya miaka yote na kuhamishwa kote huko limefifia, lakini bado mdomo uko chini.

"Ni mazishi, Mzee," nikasema.

Mkono wake ukaipapasa meza mpaka ukaupata wangu.

"Nilijua hata siku ile," akasema. "Watu ni wengi?"

"Wengi. Viti vimeisha, wengine wamesimama."

"Wanakula?"

"Wanakula."

"Na kijana?"

"Anakuja. Sasa ndiyo anaingia kwa lango. Ameshika koti."

Sauti yangu ilikuwa imeanza kunikimbia, nikawa nasema chini chini. Nyuma yetu, kwenye mlango wa jikoni, Mama Njeru alikuwa amesimama na mwiko wake. Ireri hakuweza kumwona, na mkewe hakuwa ametoa sauti yoyote.

"Ongeza sauti," Ireri akaniambia. "Walio nyuma hawasikii."

Nikaongeza sauti, nikaisema mpaka mwisho.